USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMA DAMU!

Dada, hiyo Jumatatu usithubutu! Umeandika kwamba tumbo linajaa gesi, unaharisha mara kwa mara, damu haipandi pamoja na vidonge vyote vya kuongeza damu ulivyomeza, na sasa vidole vya miguu vinakufa ganzi. Unataka kuacha ngano kuanzia Jumatatu uone kama utapata nafuu, halafu upime seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, mwezi wa pili ukipata hela. Umeuliza pia kama mwanao apimwe. Hela itafute sasa, na mkate endelea kula mpaka siku ya kupima.

Kipimo cha kwanza cha seliaki ni cha damu, kinaitwa tTG-IgA. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa unazitengeneza kwa sababu anakula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Ukiacha ngano, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa unao. Hata kinyama kinachokatwa kwa kamera ya tumboni kinaweza kuonekana kizima.

Mimi nilishatibiwa taifodi, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, mpaka nikapelekwa kwa jamaa anayejiita mtaalamu wa lishe. Akanishikisha kifaa kama kalamu nene, akatazama kompyuta yake, akatamka: "Ngano ni sumu kwako, acha leo." Akaniuzia makopo ya kusafisha utumbo kwa bei ya kodi ya chumba. Kipimo cha damu hakukitaja kabisa! Nikaacha chapati, mandazi na tambi, na kweli nafuu nikaipata. Miezi ikapita ndipo nikapima: hakuna kitu. Aliyenipima naye hakuniuliza nakula nini. Nikaambiwa sina seliaki, nipunguze mawazo. Nikarudi kwenye mandazi ya asubuhi na chapati za shughuli, karatasi ya maabara ikiwa kabatini.

Hapo ndipo nilipoumia. Utumbo uliojeruhiwa haufyonzi vizuri madini ya chuma, kalsiamu wala vitamini D. Damu ikashuka tena, mdomo ukajaa vidonda, na siku moja nikateleza bafuni, anguko dogo tu, kiwiko cha mkono kikavunjika. Bingwa wa mfumo wa chakula niliyefikishwa kwake aliuliza kabla hata hajafungua faili: "Siku uliyopima, ulikuwa unakula mkate?"

Ikabidi nile ngano kwa makusudi ili nipimwe upya. Mwongozo wa Uingereza unataka ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 au zaidi. Nilikuwa natafuna mkate huku nalia kwa maumivu. Safari hii damu ikasema, na kamera ikaonyesha: utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima wa afya una vinyweleo kama zulia, wangu ulikuwa umelala tambarare.

Ndiyo maana wauza makopo hawa wananipandisha hasira. Seliaki ni mwili kujishambulia wenyewe. Isipojulikana inadumaza watoto, inamaliza mifupa, inaweza kuharibu mimba, na kwa wachache inaleta saratani ya utumbo, limfoma. Tiba yake ni kuacha ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai maisha yote, hata kipande kimoja cha keki ya harusi. Mzigo huo mtu habebeshwi kwa kubahatisha! Wapo pia wanaosumbuliwa na gluteni bila kuwa na seliaki, utumbo wao haujeruhiwi. Hao hawana kipimo chao, wanajulikana baada ya seliaki na mzio wa ngano kuondolewa. Wewe ukianza kwa kuacha, utakaa miaka hujui uko kundi lipi.

Maabara omba tTG-IgA pamoja na IgA ya jumla (IgA ni aina ya kingamwili), kwa sababu mwenye upungufu wa IgA anaweza kupata majibu safi ya uongo. Ila kama ukila ngano unavimba midomo au pumzi inabana, huo ni mzio: usile, wahi hospitali.

Mwanao apimwe wewe ukithibitika, maana kwa ndugu wa damu wa karibu, kama mmoja kati ya 10 naye anao ugonjwa huu. Na yeye asiachishwe mandazi kabla hajatolewa damu.