Jibu: Kama ulemavu si ugonjwa, tiba ya muziki inatibu nini?

Wa alaykum salaam dada. Umeuliza swali zito.

Daktari hutafuta kasoro mwilini. Mwaka 1976, huko Uingereza, chama cha walemavu, UPIAS, kiligeuza kibao: mwili una upungufu wake, ila kinachomlemaza mtu ni jamii. Mwaka 1983 Mike Oliver, naye akitumia kiti cha magurudumu, akaiita fikra hiyo mtazamo wa kijamii. Sisi wa Mji Mkongwe hatuhitaji kitabu, ngazi na vizingiti vya nyumba zetu vyatosha. (Mie siikubali yote, lakini. Maumivu ya mgongo hayaondoki kwa kujengewa mteremko.)

Mwanangu ana usonji. Mwalimu wake wa kwanza wa tiba ya muziki alimlazimisha kufuata mapigo yake. Mtoto akaziba masikio. Wa pili alikaa kimya tu, kidumbak, ile ngoma ndogo, mapajani. Mtoto akagonga meza kwa kijiko, mara tatu, akasita. Mwalimu akagonga tatu. Wakajibizana hivyo mpaka adhana ya alasiri. Usonji uko palepale. Aliyebadilika zaidi siku ile ni mwalimu.

Ukienda kumuandikisha wako, uliza kwanza: nani anaanza mapigo?