Vikombe vitatu, tende moja

*Barazani Mkunguni kijana alifudikiza vikombe vitatu vya kahawa, tende chini ya kimoja. Nikachagua cha kushoto. Yeye anajua ilipo. Akafunua cha kati, kitupu, akaniuliza kama nabadilisha. Nikakataa, na tende nikaila. Mjomba asema nilibahatika tu. Si vilibaki viwili, nusu kwa nusu? (Msomaji, Langoni)*

Mjomba ana haki. Ulipochagua, tende ilikuwa kwako mara moja kwa tatu, na kwa vile viwili mara mbili kwa tatu. Kijana kufunua kitupu hakukuongezea kitu, maana popote tende ilipo, yeye hakosi kitupu cha kufunua. Zile mara mbili zote zikahamia kikombe kilichobaki. Angefunua kwa kubahatisha na kikatokea kitupu, hapo nusu yako ingekuwa kweli. Tunachosahau ni kwamba anayefunua anajua.

Usione haya. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu ya maswali, alitoa jibu hilihili katika jarida la Parade la Marekani, kwa milango mitatu: gari nyuma ya mmoja, mbuzi nyuma ya miwili. Zikamjia barua kama 10,000, nyingi za kumpinga, karibu 1,000 za watu wenye shahada ya uzamivu! Hata Paul Erdős, gwiji wa hesabu, hakuridhika hadi alipoonyeshwa kwa kompyuta. Chezeni mara 60 bila kubadilisha (tende zisiliwe kwanza): utashinda kama mara 20.

*Boti ya Mokowe tulikuwa abiria 23. Mmoja akashikilia kuwa wawili wetu wamezaliwa tarehe moja, na kweli wakapatikana. Mwaka una siku 365, alijuaje?*

Hakujua. Wewe ulijipima na wale 22. Yeye alihesabu jozi zote. Kila mmoja akimpa mkono kila mwenzake, mikono ni 253. Uwezekano wake ni asilimia 50.7. Na kama mlikuwa na wazee wawili ambao vitambulisho vyao vimeandikwa 1 Januari, alishinda kabla boti haijaondoka.

*Nina wasichana wanne. Huyu wa tano si zamu ya mvulana? (Mama, Shela)*

Tumbo halina daftari, dada. Bado ni karibu nusu kwa nusu. Katika kasino ya Monte Carlo, 18 Agosti 1913, gurudumu la kamari lilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumwaga fedha kwenye nyekundu wakidhani zamu yake imefika. Jina la kike liweke tayari pia.