Ukitafuta makaburi ya wakubwa Siaya, piga hodi kwanza

Mara ya kwanza nilishuka kwenye matatu mjini Siaya nikiwa na daftari, chupa ya maji na swali la mtu wa Nairobi. Nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke makaburini. "Makaburi gani?" Nikamwambia yale ya watu wote, pale mnapozika. Akacheka mpaka akazima pikipiki. "Mzee, huku mtu anazikwa kwao. Sema unamtafuta nani, nikupeleke kwake."

Kwake. Tangu siku hiyo nimerudi Siaya mara kadhaa kwa shughuli hiihii ya kufuata makaburi ya watu waliotajwa katika historia ya nchi, na kila anayeniuliza njia namwanzia hapo. Wengi hupanga safari kana kwamba wanakwenda Lang'ata, makaburi ya umma ya Nairobi: unaingia, unatafuta jiwe, unapiga picha, unatoka. Katika nchi ya Waluo kaburi liko ndani ya dala, boma la mtu, na boma hilo lina watu. Kuku wanapita, nguo zimeanikwa, mtoto anafanya kazi ya shule kivulini. Marehemu umemfuata wewe, lakini mwenyeji wako ni yule anayefagia uwanja.

Desturi yenyewe si ngumu kuielewa. Mwanamume aliyejijengea boma huzikwa ndani ya boma hilo, upande wa kulia wa nyumba, na mkewe upande wa kushoto. Asiyefika kujenga lake hurudishwa kwa babake. Ukishajua hilo, utaacha kuuliza makaburi yako wapi na utaanza kuuliza nyumba ilisimama wapi, maana nyumba nyingine ilibomoka zamani na kaburi ndilo lililobaki kukuonyesha.

Anza Kang'o ka Jaramogi, karibu na Bondo. Nasema uanzie huko kwa sababu wenyeji wamezoea wageni, na makosa yako ya mara ya kwanza hayatamshangaza mtu. Hapo ndipo alipozikwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyejiuzulu mwaka wa 1966 na kufariki tarehe 20 Januari 1994. Kaburi lake limejengewa jengo, na bomani kuna makumbusho ya maisha yake. Tangu tarehe 19 Oktoba 2025 amelala hapo pia mwanawe Raila, aliyefia India siku nne kabla. Raila alikuwa na boma lake, Opoda Farm, hukohuko Bondo, lakini yuko kwa babake. Watu watakueleza sababu zao, kila mtu na yake. Sikiliza tu. Nenda asubuhi, siku ya kazi, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika, na usimtie aliyekupokea katika mjadala wa siasa mbele ya kaburi. Niliwahi kumwona mgeni mmoja akifanya hivyo, na ziara ya watu wanane iliishia pale.

Nyang'oma Kogelo, upande wa Alego, ni habari nyingine. Barack Obama mkubwa, baba wa rais wa 44 wa Marekani, alikufa kwa ajali ya gari Nairobi tarehe 24 Novemba 1982 na kuzikwa nyumbani, alikozikwa pia babake, Hussein Onyango. Mama Sarah, nyanya ambaye dunia nzima ilimfahamu mwaka wa 2008, alifariki tarehe 29 Machi 2021 na kuzikwa kesho yake kwa taratibu za Kiislamu. Beba kitambulisho, vaa nguo za heshima, na usubiri uambiwe kama siku hiyo wanapokea wageni au la. Wakikuambia la, geuza pikipiki bila kunung'unika. Wamekaribisha dunia kwa miaka mingi na wana haki ya kuchoka. Halafu kuhusu wanaojitolea kukuongoza barabarani: mimi nimekutana na mabinamu wa Obama wa kujaza basi. Hakuna ubaya kumlipa kijana nauli yake na muda wake, ila pesa za "familia" usimkabidhi mtu uliyekutana naye sokoni.

Gem wengi huipita mbio, na hilo huniudhi kidogo. Huko ndiko kwao Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyefariki tarehe 30 Januari 2025, na mkewe Grace Ogot, mwandishi na mbunge, aliyemtangulia tarehe 18 Machi 2015. Ogot ndiye aliyeandika historia ya Waluo wa kusini kwa kuwaketisha wazee na kuyapima masimulizi yao, wakati ambapo wasomi wengi waliamini kwamba pasipo maandishi hakuna historia. Ukiwa na siku moja tu na unaipenda kazi ya kuuliza wazee, ningekushauri uanzie Gem.

Uyoma nako kuna Ramogi Achieng' Oneko, mmoja wa wale sita, Jomo Kenyatta akiwemo, ambao serikali ya kikoloni iliwashtaki Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, na wa mwisho wao kuondoka duniani, mwezi wa Juni 2007. Ni mbali kwa pikipiki. Jiandae mgongo.

Lakini kaburi ninalolifikiria kuliko yote liko Nyalgunga. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alikufa tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu aliyekuwa katika harakati za uhuru, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo wa mume, Umira Kager, ukasema Mluo huzikwa kwao, kwa baba zake, hata awe ameishi mjini maisha yake yote. Kesi ikapanda mahakamani hadi Mahakama ya Rufaa, na nchi nzima ikawa inabishana kwenye matatu na vilabuni kuhusu mwili uliolala mochari Nairobi. Ukoo ukashinda. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa, na mjane hakwenda. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 2011.

Nilikwenda Nyalgunga nikidhani najua niko upande gani wa ile kesi. Nilitoka sijui. Kule Nairobi unaisoma kama kesi ya mila dhidi ya mke, nami bado naona mke alionewa. Ila ukiketi bomani ukaona namna mtu anavyoonyeshwa kwa mkono, huyu babu, huyu babake babu, huyu tulimrudisha kutoka Kampala, unaelewa ukoo uliogopa nini. Sikupiga picha, na nitakayoyasimulia ni hayo tu.

Hilo linanileta kwenye picha, maana hapo ndipo nilipoharibu. Katika boma moja, ambalo silitaji, niliruhusiwa kulipiga picha kaburi la mzee, nikaendelea kwa shauku hadi kaburi dogo la pembeni. Mama wa pale akaniuliza kwa upole, "Na huyo naye unamjua?" Alikuwa mwanawe. Sikuwa na la kusema. Nikazifuta picha mbele yake, na tangu siku hiyo naomba ruhusa kaburi kwa kaburi, hata kama yamepakana. Ya watu wasio maarufu siyaweki mtandaoni kabisa.

Kwa upande wa ufundi, mawe meusi yanayong'aa yatakuonyesha uso wako badala ya jina la marehemu. Simama mshazari, au mwambie mwenzako asimame akizuia mwanga. Vigae vyeupe navyo saa sita mchana havifai kitu. Alasiri kwa kawaida mvua ya ziwani inakuja, kwa hiyo kazi ifanye asubuhi.

Tarehe zisikudanganye kwa kuwa zimechongwa. Tarehe ya kufa huwa ya kuaminika, ya kuzaliwa mara nyingi ni makadirio ya mmishonari au karani. Kwa Obama mkubwa utakuta wengine wameandika 1934 na wengine 1936. Andika zote mbili, utaje ulikoikuta kila moja. Majina nayo husaidia: Onyango amezaliwa asubuhi, Odhiambo jioni, Otieno usiku, Okoth wakati wa mvua. Hayatakupa mwaka, lakini bibi akikuambia marehemu alizaliwa usiku wa kabla ya njaa fulani, utajua jina halipingani naye. Na uulizie kile kijitabu kilichogawiwa siku ya mazishi. Karibu kila nyumba inacho, kwenye sanduku au nyuma ya picha ukutani, na ndani yake mna wake, watoto, shule alizosoma na kazi alizofanya, mambo ambayo jiwe halina nafasi nayo.

Chagua siku vizuri. Kuanzia Alhamisi miili inatoka mochari, Ijumaa usiku ni matanga, Jumamosi ni maziko, na barabara za Siaya hujaa misafara. Ukibisha hodi Jumamosi utamkuta mwenyeji ama amekwenda kuzika, ama anatoka kuzika. Jumanne na Jumatano ndizo siku zangu.

Mkononi uwe na sukari kilo mbili, majani ya chai, na mkate kama kuna watoto. Si malipo, ni mgeni asiingie mikono mitupu. Ukikuta kitabu cha wageni, andika jina lako kamili na unakotoka, wanakisoma baadaye. Ukikaribishwa kiti, kaa. Haraka yako ya kuwahi matatu ya saa tisa isionekane usoni. Na usiketi juu ya kaburi hata kama limejengwa kama benchi na watoto wenyewe wamelikalia. Wao wako kwao.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenionya: utaulizwa nawe. Kule Gem, baada ya chai ya pili, bibi mmoja alinitazama akasema, "Na nyinyi, mwanangu, mnazika wapi?" Nikamwambia babangu yuko Lang'ata. Akataka kujua ni umbali gani kutoka mlangoni kwangu, nani anapalilia, na nani yuko kulia kwake. Mlangoni naweza kukadiria. Kupalilia, tunampa kijana pesa wakati wa Krismasi. Aliye kulia kwake simjui, na mara ya mwisho nilipokwenda ilibidi nimuulize mchimbaji njia.