Sogea, mdogo wangu: kuwinda swala kwenye nyika za Wyoming

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Kigoma anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama pale Greeley, Colorado, hapa Marekani. Jina lake limetoka kwenye droo, amepewa leseni ya kuwinda swala Wyoming mwezi wa kumi, na ameshanunua raifo ya 6.5 Creedmoor (hiyo ni aina ya risasi inayotumia) yenye darubini kubwa juu yake. Anauliza: "Kaka, kwenye video naona watu wanapiga yadi mia sita. Mimi nianze mazoezi ya umbali gani?"

Nilimpigia simu tukaongea. Lakini tangu niweke picha ya dume niliyempata Septemba hii, maswali ya aina hii hayakatiki, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu ili kila mwenye ndoto hiyo asome mwenyewe. Jibu langu ni yadi mia mbili, kama mita 180 hivi. Ukishindwa kumfikia kwa yadi mia mbili, mwache aende zake.

Swala wenyewe ni pronghoni, yule mwenye mgongo wa kahawia na makalio meupe pee ambaye sisi madereva wa malori tunamwona kila siku kando ya barabara kuu namba 80, kuanzia Cheyenne hadi Rock Springs. Ukimtazama utadhani ni binamu wa swala granti, lakini wataalamu wamempa ukoo wake peke yake, na ndugu zake wa karibu walio hai leo ni twiga na okapi. Anakimbia hadi karibu kilomita 88 kwa saa. Macho yake ni makubwa na yamekaa pembeni kabisa mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamewindwa hovyo mpaka wakabaki takriban 13,000 tu katika Amerika Kaskazini yote. Leo Wyoming ndiyo yenye wengi kuliko jimbo lolote, na wamerudi kwa sababu ya sheria, leseni na pesa za wawindaji wenyewe. Hata hivyo, baridi kali ya mwaka 2022 kuingia 2023 iliua maelfu magharibi mwa jimbo, na leseni zikapunguzwa. Ukipewa leseni moja basi, ujue umepewa amana.

Mimi nimekulia Kondoa. Kule kwetu kuna michoro ya miambani pale Kolo, watu wa kale wamechora pofu na twiga kwa rangi nyekundu, na sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiitazama tunajiuliza walimkaribia vipi mnyama hivyo bila bunduki. Walimkaribia, basi. Hilo nimelibeba hadi huku.

Nchi yenyewe inakudanganya. Laramie iko mita 2,184 juu ya usawa wa bahari, na ukipita Medicine Bow kwenda kaskazini, Shirley Basin inafunguka mbele yako, milima pande zote na katikati uwanda usio na mti hata mmoja. Mgeni anaona tambarare. Anaona swala weupe-weupe kule mbali, anasema haiwezekani kuwafikia, anaweka bunduki juu ya begi na kuanza kupiga mahesabu ya umbali. Shuka kwenye gari, tembea. Utakuta ile tambarare imejaa makorongo yanayomfunika mtu akiinama, na vichaka vya kijivu vyenye harufu kama ya dawa vinavyomfunika mtu akilala kifudifudi. Miguu yako itayaona yale ambayo darubini haikukuonyesha.

Kuna na upepo. Dereva yeyote aliyepita Elk Mountain na trela tupu anaujua. Sasa fikiria risasi. Kwa ile 6.5 Creedmoor ya kijana wangu, upepo wa ubavuni wa kilomita 30 kwa saa, ambao Wyoming ni upepo wa kawaida tu, unaisogeza risasi chini ya sentimita kumi ukiwa yadi mia na hamsini. Ukiwa yadi mia tano, unaisogeza zaidi ya nusu mita. Eneo la moyo na mapafu ya swala huyu halizidi sana upana wa sahani ya wali. Nusu mita maana yake ni tumbo au mguu, au umemkosa kabisa. Na upepo wa pale ulipolala sio upepo wa kule aliposimama yeye, kuna korongo katikati lenye upepo wake. Wale wa video hawakuonyeshi zile walizokosea.

Hapa nitasema jambo ambalo bado linaniuma.

Kuna mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, aliomba twende naye. Ana pesa, bunduki yake ni ya bei kubwa. Tulipanda kigongo asubuhi, tukaona kundi chini, umbali ambao mimi niliona wazi kwamba haufai. Nikamwambia tuzunguke na korongo la kusini, upepo unatujia usoni, ndani ya saa moja tutakuwa jirani nao. Akaniambia, "Wewe zunguka, mimi nimelipia darubini." Akalala, akapiga. Swala jike akainama mbele, akainuka, mguu wa mbele unaning'inia. Akapiga tena, vumbi likaruka nyuma yake. Kundi likaondoka, na yule jike akaondoka nalo kwa miguu mitatu, na aibu ni kwamba kwa miguu mitatu bado alikuwa anatuacha.

Mwenzangu akasimama akajikung'uta. Akasema atakufa mwenyewe, twende tukatafute mwingine. Mwingine! Leseni moja, swala mmoja, na yule pale ana damu ya risasi yako.

Nikamfuata peke yangu. Damu kidogo kwenye majani, halafu hakuna, halafu alama ya kwato tatu na mstari pale mguu wa nne ulipoburuzwa mchangani. Nilimkuta mchana kweupe kwenye uzio wa seng'enge. Hawa hawapendi kuruka, wanapita chini. Nilimwona anapiga magoti, anaingiza kichwa, ule mguu uliovunjika ukanasa kwenye waya wa chini, akauvuta mara moja bila sauti, akapita. Upande ule ni shamba la mtu. Sheria ya hapa hairuhusu kuvuka bila ruhusa, hata kama unamfuata mnyama aliyejeruhiwa. Nikaenda hadi nyumba niliyoiona, nikabisha hodi, nikapiga honi, hakuna mtu. Jioni ikaingia.

Siku ya Idd, mbele ya watu, yule bwana akasimulia kwamba mimi nina moyo wa kike, nimelia kwa ajili ya swala. Watu wakacheka. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: mwanamume ni yule anayekimaliza alichokianza. Asiyeweza hilo bora akanunue nyama dukani, na hakuna atakayemcheka.

Sasa niwape mfano wa mambo yanavyokwenda vizuri. Dume wa Septemba hii nilimwona kutoka juu ya kigongo, nimelala, kofia nimevua. Usisimame kamwe juu ya kigongo ukaonekana na mbingu nyuma yako, hapo umeshaharibu kazi ya siku nzima. Alikuwa na majike yake, maana Septemba ndio msimu wao wa kupandana, na kila mara dume mdogo alikuwa akisogea, yeye anamfukuza mbio ndefu kisha anarudi. Hilo la kurudi ndilo lililonipa mpango. Nilishuka nyuma ya kigongo, nikaingia korongoni, nikatembea nimeinama hadi mgongo ukanikatika, halafu pale korongo lilipokwisha nikalala na kuanza kutambaa. Kuna mpungate mdogo kule, unajificha chini ya majani, miiba yake inapita kwenye suruali ya jinzi bila shida. Vaa glavu za ngozi na vifuniko vya magoti kama vya mafundi wa vigae. Nimetoa miiba kwenye viwiko usiku ule kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu.

Jike mmoja aliniona. Alinikazia macho, manyoya ya makalio yakasimama yote, meupe kama sabuni, hiyo ndiyo ishara yao ya hatari. Nikaweka paji la uso chini nikatulia. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wanaona wameonekana, wanakurupuka kupiga. Tulia. Pronghoni ana udadisi. Asipoona kitu kinachotembea anarudia majani yake. Nilipoinua kichwa tena, dume alikuwa anarudi kutoka kumfukuza yule mdogo, mdomo wazi, anahema. Akasimama ubavu. Bunduki juu ya begi, shavu kwenye kitako, upepo unanijia usoni karibu moja kwa moja, kwa hiyo hapakuwa na hesabu ya kufanya. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikavuta triga taratibu. Alikimbia hatua chache kwa kishindo, akaanguka. Umbali ulikuwa yadi mia na sitini.

Kwa Waislamu wenzangu mnaouliza: jina la Mwenyezi Mungu linatajwa wakati wa kupiga. Ukimfikia bado ana uhai, mchinje hapo hapo. Ndiyo sababu nyingine ya kusogea, maana mnyama aliye mbali hujui alikufa saa ngapi na kwa nini.

Mengine nayapita haraka. Kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1966 au baadaye, lazima uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji, kasome. Kama huna karatasi za kuishi Marekani, usiguse bunduki wala risasi, hilo ni kosa la shirikisho na litakuondoa nchini. Mwenye grini kadi hana tatizo. Vaa nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa, Wyoming wanakubali na pinki. Usipige kutoka barabarani wala kuvuka barabara. Saa za kupiga ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Na weka ramani ya mipaka ya ardhi kwenye simu, uipakue kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu mtandao utapotea. Kusini mwa jimbo, kandokando ya reli, ardhi ya serikali na ya watu binafsi imepishana mraba kwa mraba tangu serikali ilipoyagawia makampuni ya reli maeneo yale karne ya 19. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Denver iliwapa haki wawindaji waliovuka kwenye kona, pale miraba inapokutana, kutoka mraba wa umma kwenda mwingine, bila kukanyaga ardhi ya mtu. Hiyo haikupi ruhusa ya kukata njia katikati ya shamba.

Nyama sasa. Wengi watakuambia nyama ya pronghoni inanuka. Nyama iliyokaa kwenye jua nyuma ya pikapu kwa muda wa saa nne itanuka hata ikiwa ya mbuzi wa akika. Ukishaweka tarehe na kusaini ile kuponi ya leseni na kuifunga kwenye mzoga, na hilo linafanyika kabla hujamwondoa alipoangukia, anza kisu papo hapo. Toa matumbo, chuna, weka nyama kwenye mifuko ya kitambaa, kisha kwenye deli lenye barafu. Acha alama ya jinsia imeshikana na nyama, askari wa wanyamapori akikusimamisha ataiuliza. Nywele zake ni nene na zina uwazi ndani, zinanyofoka ukizigusa tu, zinaganda kwenye vidole vyenye damu na kutoka hapo zinahamia kwenye nyama, na harufu inayolalamikiwa nyingi inatoka kwenye hizo nywele. Mkono mmoja ushike ngozi, mwingine ushike nyama, usibadilishane. Kijana wangu wa Greeley, wewe hapo utatufundisha sisi, kisu ndiyo kazi yako.

Kwa hiyo mazoezi yako yawe hivi. Nenda uwanja wa shabaha siku yenye upepo, siku ambayo wenzako wamebaki nyumbani. Achana na ile meza ya zege. Lala chini, kaa, piga magoti, tumia begi lako. Anza yadi mia, nenda mia mbili, na usiongeze mpaka risasi zako zote zinaingia kwenye sahani ya karatasi. Halafu nenda kafanye mazoezi ya kutambaa, sizungumzi utani, uwanja wowote, jioni, mita hamsini na bunduki tupu mikononi, uone kama ukifika unaweza kupumua vizuri na kulenga. Kwa mwinuko ule utajikuta unahema kama yule dume. Subiri pumzi irudi ndipo uguse triga.

Darubini hiyo kubwa uliyonunua usiirudishe. Itumie kumtazama vizuri, uhakikishe ni dume au jike kulingana na leseni yako na kwamba hakuna mwingine nyuma yake. Ukishamaliza kumtazama, anza kutafuta korongo.