Kabla hujasaini mkataba wa nyumba Louisville, kaa kwanza na wazee wa mtaa

Kila kiangazi kikifika napokea simu za aina moja. Mtu katoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nakivale au Kyangwali, ile miezi ya mwanzo ya kulipiwa kodi na shirika imekwisha, sasa anajitafutia nyumba mwenyewe hapa Louisville, Kentucky. Amepata ya vyumba vitatu, kodi yake iko chini kuliko zote alizozunguka kuziona, na mwenye nyumba hajali kwamba mpangaji hana historia ya mkopo. "Kaka, nisaini?" Mimi ni mkalimani wa hospitali, si dalali. Lakini ukikaa katikati ya daktari na mzazi miaka na miaka, mwishowe unajua watoto wa kifua wanatoka mitaa gani. Naandika yote hapa ili simu nyingine ikija nimtumie mtu asome kwanza, tuongee baadaye.

Swali langu kwa anayepiga huwa ni hili: nyumba iko upande gani wa Barabara ya 9?

Ukitoka katikati ya mji ukaivuka barabara hiyo kuelekea magharibi, unaingia West End, na wakazi wengi huko ni weusi. Hawakujipanga hivyo kwa kupenda. Mwaka 1914 jiji hili lilitunga sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mahali ambapo wazungu ni wengi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta mwaka 1917, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley, lakini njia nyingine zilipatikana. Miaka ya 1930 ofisi ya serikali kuu ilichora ramani za mikopo ya nyumba: kijani kwa mitaa inayofaa kukopeshwa, nyekundu kwa mitaa ya kukwepwa, na kuwepo kwa weusi kulitosha kuuharibia mtaa jina. Nyumba ambazo wenyewe walinyimwa mikopo ya kuzikarabati miaka yote hiyo ndizo leo tunaambiwa ni za bei nafuu.

Halafu kuna viwanda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilikatiwa mpira wa asili kutoka Asia, ikajenga viwanda vya mpira wa bandia kando ya mto Ohio, jirani kabisa na West End. Eneo likaitwa Rubbertown, na mpaka leo ni viwanda vya kemikali. Mwaka 1965 mlipuko kwenye kiwanda cha DuPont uliua watu 12. Mwaka 1974 ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha B.F. Goodrich walikuwa wamekufa kwa kansa ya ini ya nadra sana, iliyotokana na gesi ya vinaili kloraidi waliyotengenezea plastiki.

Kuna ndugu zetu wanaobisha hapa. Viwanda vilitangulia, wanasema, watu wakafuata kodi ndogo, sasa ubaguzi uko wapi? Nimebishana na mchungaji mmoja juu ya hili mpaka chai ikapoa. Nilimwambia kwamba upande huo wa mji palikuwa na makazi ya watu weusi yaliyoitwa Little Africa, miaka mingi kabla ya kiwanda chochote cha mpira. Watu walijijengea nyumba zao wenyewe, zikaja kubomolewa kupisha majengo ya serikali. Na aliyehamia baadaye alichagua nini, ikiwa kwingine kote alinyimwa mkopo au alifungiwa mlango? Wala si Louisville peke yake. Mwaka 1979 mwanasosholojia Robert Bullard aliyahesabu majalala ya Houston, Texas. Yote 5 ya jiji yalikuwa kwenye mitaa ya weusi, wakati weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi. Mwaka 1982, Warren County, North Carolina, watu zaidi ya 500 walikamatwa wakizuia malori ya udongo wenye sumu yasimwage mzigo wake kwenye jamii yao, ambayo wengi wao walikuwa weusi. Mchungaji hakukubali. Ila tangu siku ile, waumini wake wakitafuta nyumba huwa ananipa namba zao.

Sisi tuliokuja juzi tunaingia kwenye ramani ile ile kwa mlango wa kodi ndogo. Sisemi usihamie West End. Nina rafiki wengi huko na wanaishi vizuri. Nasema usihamie kibubu, bila kuuliza.

Nenda ukaone nyumba mchana, halafu rudi usiku au alfajiri kabla hujatoa pesa. Mwenye nyumba atakuita mchana, na mchana harufu inaweza isiwepo. Usiku hewa ikitulia ndipo inaposhuka: mara kama plastiki iliyoungua, mara kama rangi ya kucha, mara tamu tamu hivi, ya kuumiza kichwa. Simama nje na watoto kidogo. Ukiona mdogo mwenye pumu ameanza kujikuna koo, una jibu lako.

Halafu tafuta mzee aliyekaa barazani, umwamkie, umuulize.

Hapa niseme jambo ambalo kwenye semina za wageni halisemwi, au linasemwa kinyume. Wengi wetu tumefika na maneno masikioni kwamba weusi wa hapa ni watu wa kuogopwa. Niliwahi kukaa kwenye ofisi ya shirika moja, keswoka, yaani mfanyakazi anayesimamia familia za wageni, akaiambia familia ya watu wa Fizi wasizoeane na majirani, na mimi ndiye nikalazimika kuyatia maneno hayo kwenye Kiswahili. Niliyatafsiri, ndiyo kazi, lakini tulipotoka kwenye maegesho niliwaambia yangu. Hao majirani ndio wanaojua mtaa huu kuliko ofisi yoyote. Mama mmoja wa Chickasaw, mtaa wa huko West End, mtu mzima mwenye wajukuu wakubwa, alinifundisha kwa dakika chache upepo ukitoka wapi asianike nguo, nyumba gani iliungua ikapakwa rangi juu ya masizi, na mwenye nyumba gani anabadilisha jina la kampuni kila akishtakiwa. Anataja butadaini, ile kemikali ya kutengenezea mpira wa bandia, kama sisi tunavyotaja malaria. Ni kwa sababu ya watu kama yeye, waliokwenda mikutanoni mwaka baada ya mwaka wakidai hewa ipimwe, ndipo jiji mwaka 2005 likapitisha kanuni za hewa ya sumu ziitwazo STAR, na sumu kutoka viwandani ikapungua sana. Haikwisha, lakini hewa tunayoikuta sisi ni ile iliyokwisha kupiganiwa na hao tunaoambiwa tusizoeane nao.

Ukikosa pa kuanzia maongezi, anza na Muhammad Ali. Alikulia hapo hapo West End, Grand Avenue, kwenye nyumba ndogo ambayo siku hizi imepakwa rangi ya waridi. Mzee wangu mmoja wa Uvira, aliyekuwa kijana wakati wa pambano la Kinshasa la 1974, aliposikia hivyo alitaka nimpeleke siku ile ile. Tulipofika, wazee wa jirani walimkalisha barazani, yeye anasimulia Zaire, wao wanasimulia Ali alivyokuwa akishindana mbio na basi la shule, mimi katikati natafsiri koo linakauka.

Sasa madini ya risasi, kwa Kiingereza "lead", na hapa nawaomba akina mama na akina baba msome taratibu.

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978. Nyumba nyingi za kodi ndogo hapa zilijengwa zamani kuliko hapo. Rangi ikipakwa juu ya rangi, ile ya chini bado ipo. Usitazame ukuta, ukuta huwa umepakwa upya kwa ajili yako. Nenda dirishani. Pandisha dirisha mpaka juu, kisha tazama ule mfereji wa chini linapokalia. Ukikuta vipande vya rangi vimekatika kama magamba, na unga mweupe au wa kijivu kwenye kona, hapo ndipo penye shida, maana kila likifunguliwa na kufungwa mbao zinasagana na rangi inageuka vumbi. Na mtoto aliyetoka kambini husimama wapi theluji ya kwanza ikianguka? Hapo hapo, mikono yote miwili kwenye kizingiti, mdomo juu ya mbao.

Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya Marekani inamtaka mwenye nyumba akueleze kabla ya kusaini kama anajua kuna risasi, na akupe kijitabu cha maelezo. Asipokupa, muulize kwa meseji ya simu, si kwa mdomo, na usiifute meseji hiyo.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa sumu ya risasi. Aliugua wiki chache tu baada ya kufika Marekani, na nyumba waliyopangishiwa ilikutwa na rangi yenye risasi. Baadaye, katika jimbo lile lile, watoto wa wakimbizi kutoka Afrika waliopimwa walipofika wakaonekana wazima walipimwa tena baada ya miezi kadhaa, na wengine damu zao zilikuwa zimepanda. Waliikuta sumu hapa. Mtoto mwenye upungufu wa damu au aliyekosa lishe kambini hunyonya risasi haraka kuliko mwenzake aliyeshiba.

Ndiyo maana kipimo cha wakati wa kufika hakitoshi. Mtoto aliye chini ya miaka 6 apimwe tena miezi 3 mpaka 6 baada ya kuhamia. Mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anapaswa kupimwa akifikisha miezi 12 na miezi 24, bila malipo. Mwambie daktari neno kwa neno: napenda mwanangu apimwe risasi kwenye damu. Ukipewa majibu usiridhike na "ni sawa", omba namba. Tangu 2021 kiwango cha kuanza kufuatilia ni mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Daktari atauliza pia kama mnapaka watoto wanja, na kama mmekuja na sufuria za kienyeji zilizoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu. Mjibu kweli, vitu hivyo vinaweza kuwa na risasi. Lakini nimeona maswali yakiishia hapo, mama anatoka na aibu kana kwamba sumu ameileta yeye kwenye begi. Na wewe muulize: je, nyumba yetu itakaguliwa lini?

Nyumbani, uweke pembeni ufagio. Najua, mama aliyelelewa vizuri hawezi kulala nyumba haijafagiwa. Lakini ufagio mkavu unalirusha vumbi lile hewani na kulilaza upya kwenye godoro. Piga deki, futa vizingiti vya madirisha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kitambaa hicho kisirudi jikoni. Viatu viishie mlangoni. Na chakula chetu chenyewe kinasaidia, kwa sababu madini ya chuma na kalsiamu hupunguza risasi inayoingia mwilini: dagaa wa kutafuna na mifupa, maharage, lengalenga, na kipande cha ndimu juu yake.

Joto nalo, kwa kifupi. Utafiti wa mwaka 2020 kwenye miji 108 ya Marekani ulikuta mitaa iliyochorwa nyekundu miaka ya 1930 ina joto zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi kuliko mitaa mingine ya mji ule ule, kwa sababu ina lami nyingi na miti michache. Siku ya kuangalia nyumba, tazama juu pia: kuna kivuli? Chumba cha juu kabisa chini ya paa jeusi, bila kiyoyozi, mwezi wa saba kitakutesa, na dirisha utaogopa kulifungua kwa ile harufu.

Msitegemee serikali kuu iwaambie haya. Agizo la rais la mwaka 1994 lililozitaka idara zake ziangalie mzigo wa sumu kwa weusi na maskini lilifutwa Januari 2025. Ramani ya EJScreen, ambayo mtu aliandika anuani akaona viwanda vilivyomzunguka, ikaondolewa kwenye tovuti ya idara ya mazingira mwezi uliofuata. Watu wa kujitolea waliinakili wakairudisha mtandaoni kwingine. Mwombe kijana wako wa sekondari akutafutie, wao wanajua.

Ukishahamia na harufu ikaja, piga simu APCD, idara ya jiji inayosimamia hewa. Sema Kiswahili, omba mkalimani, usikate simu. Andika kwenye daftari saa, aina ya harufu, upepo ulikotoka na nani aliumwa. Simu moja haifiki mbali. Simu nyingi kutoka barabara moja kwa saa ile ile zinamlazimu mtu kuja na kifaa. Hapo ndipo utamhitaji tena yule mama wa barazani, maana yeye namba anaijua kwa kichwa.

La mwisho ni hatari ya ghafla. Mwaka 2011 mlipuko mwingine Rubbertown uliua wafanyakazi wawili. Likitokea la hivyo, tangazo la kuingia ndani, kufunga madirisha na kuzima kiyoyozi huja kwa Kiingereza, na mama aliye jikoni na redio ya injili hatalisikia. Kanisani kwetu tumegawana majina: kila anayesoma Kiingereza amesajili simu yake ipokee matangazo ya jiji, na ana familia zake za kupigia saa yoyote, hata ya usiku wa manane. Kama wewe huna wa kukupigia, niandikie mtaa wako nikuunganishe na mtu.