Kupamba Nyumba kwa Michoro na Samani za Kale: Anza na Ukuta

Wengi wanaopenda vitu vya kale hununua kwanza, kisha huhangaika kutafuta pa kuviweka. Mimi hutangulia kuuchunguza ukuta au pembe ninayotaka kuipamba, nikiangalia jua huingia saa ngapi na hufika wapi, na kama pana unyevu. Mambo hayo mawili, mwanga na unyevu, ndiyo yanayoamua kitu cha kale kitadumu kiasi gani, na ladha yangu mwenyewe huisikiliza baada ya hapo.

Michoro ya rangi za maji, picha zilizochapwa kwenye karatasi na vitambaa vya zamani ndivyo vinavyodhurika upesi, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi zake na rangi iliyokwisha kufifia hairudi. Makumbusho mengi huweka kazi za aina hii katika mwanga wa luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 50 hivi, ilhali michoro ya rangi za mafuta huruhusiwa hadi takribani luksi 200. Sebule yenye dirisha kubwa hupita viwango hivyo kwa mbali wakati wa mchana. Ndiyo maana kazi za karatasi huzitundika kwenye korido au kwenye ukuta usiopigwa na jua, na sebule nikaiachia michoro ya mafuta. Kioo kinachochuja miale ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, husaidia, ila mwanga wa kawaida nao hufifisha, kwa hiyo kisikupe ujasiri wa kutundika popote. Kabla ya kutundika, mwombe fundi wa fremu aifungue kwa nyuma: kadibodi za zamani mara nyingi zina asidi ambayo huigeuza karatasi kuwa ya kahawia, na kuibadilisha kwa kadibodi isiyo na asidi hakuhitaji kuitupa fremu ya asili.

Kwenye samani, sehemu inayosema ukweli ni ile ambayo muuzaji hakuipaka vanishi. Chomoa droo uigeuze. Viungo vilivyokatwa kwa mkono huwa havilingani kabisa, ilhali vya mashine hufanana kimoja baada ya kingine. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea katika miaka ya 1930, kwa hiyo ukiikuta kwenye kabati linalodaiwa kuwa la karne ya 19, ama kabati limetengenezwa upya mahali hapo, ama umri wake umetiwa chumvi. Tazama pia matundu ya wadudu: matundu ya zamani si tatizo kubwa, lakini yakiwa na kingo safi na unga mpya chini yake, wadudu wangali kazini, na kitu hicho kisiingie ndani kabla ya kutibiwa.

Ukishakinunua, zuia mikono yako. Ule utando wa uzee ulioikolea mbao au shaba ni sehemu kubwa ya thamani ya kitu, na msasa huumaliza kwa alasiri moja. Kiungo kikilegea, usikimbilie gundi ya kisasa. Gundi ya wanyama iliyotumiwa na mafundi wa zamani hulainika kwa joto na unyevu, hivyo fundi wa baadaye anaweza kukifungua kiungo bila kukivunja.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Katikati ya mchoro ikae sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na mchoro ulio juu ya kochi uchukue kama theluthi mbili za upana wake. Kabati moja zito la kale katikati ya samani nyepesi za kisasa huonekana vizuri kuliko chumba kizima cha enzi moja, ambacho kwa macho yangu hufanana na jukwaa la maigizo linalosubiri waigizaji.

Taa za zamani zibadilishwe nyaya na fundi umeme kabla ya kuwashwa hata mara moja. Samani za kale zilizopakwa rangi nazo zisiwekwe katika chumba cha mtoto bila kupimwa, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.