Re: Mtoto anajishikashika, hanishiki mimi

Dada, umeuliza kama sonona yako (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) ndiyo inayomfanya mwanao wa miezi mitano ajivute nguo na kunyonya vidole badala ya kukushika. Pole sana, na usijilaumu. Watoto wengi hufanya hivyo wakichoka. Ila mama mwenye sonona wakati mwingine humgusa mtoto kwa haja tu, nepi na kuoga, uso umepoa, na mtoto hutafuta kujituliza mwenyewe. Mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha huko Marekani miaka ya 1970: mama akikausha uso, asionyeshe hisia yoyote, dakika chache tu, mtoto huhangaika. Jambo hili linarekebishika! Mkande miguu na mgongo baada ya kuoga, taratibu, mkitazamana. Na kliniki usiishie kwenye mizani ya mtoto. Mweleze muuguzi hali yako, nawe utibiwe.